Boti kuukuu la faiba: nitajuaje kama limenywa maji kabla sijatoa pesa?

#1 Jadunga
Wadau, hamjambo. Kuna boti la faiba, futi 23, linauzwa Usoma hapa Kisumu, upande wa uwanja wa ndege. Nalitaka la kubebea watalii kutoka Dunga kuona viboko, na wale wenye muda niwafikishe mpaka kisiwa cha Ndere. Mwenyewe anaitisha laki sita u nusu pamoja na mashine ya nguvu za farasi 40. Ninavyoambiwa, lilitengenezwa pwani, likafanya kazi Naivasha miaka kadhaa, kisha likaletwa Kisumu kwa lori.

Mashine tumeiangalia na fundi, haina neno. Wasiwasi wangu ni mwili wa boti. Chini ya mstari wa maji kuna malengelenge, mengine kama punje ya dengu, mengine yanafika sarafu ya shilingi ishirini. Nyuma, chini ya bolti za mashine, kuna mchirizi wa kutu. Na sakafu upande wa kulia inabonyea nikikanyaga. Mwenyewe jibu lake ni moja: "Faiba haiozi, faiba hainywi maji, hiyo ni rangi tu."

Ni kweli? Na kama si kweli, mtu asiye na vyombo vya kisasa anapimaje?

#2 FundiKamas
Faiba yenyewe haiozi, hapo amesema kweli. Lakini boti si faiba tupu. Kibao cha nyuma kinachobeba mashine, ndani yake ni plaiwudi iliyovikwa faiba pande zote mbili. Mihimili chini ya sakafu, mara nyingi mbao. Sakafu, plaiwudi. Tundu moja la bolti ambalo halikuzibwa sawasawa linatosha: maji yanaingia na hayana pa kutokea. Nje boti linang'aa, ndani mbao zinachambuka kwa kidole.

Huo mchirizi wa kutu unanisumbua kuliko malengelenge yote. Maana yake kuna maji yanayopita pembeni ya bolti. Fanya hivi: mashine ikiwa imefungwa mahali pake, iinue, shika sehemu ya chini karibu na pangaboi, isukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako anatazama kile kibao. Kikicheza, au nyufa za kwenye pembe zikifunguka na kufumba, hiyo bei isahau.

Sakafu kubonyea nako si rangi. Mwambie hivyo.

#3 MvuleTupu
Kwa nini usichukue boti la mbao? Mbao ikioza unaiona. Unachoma kisu, kinaingia, unatoa ubao, unaweka mwingine, unaziba kwa pamba, unarudi ziwani. Faiba inaficha ugonjwa. Baba zetu walivuka mpaka Mfangano na mbao za mvule, na mafundi wa kuzichonga bado wapo Dunga na Mbita.

#4 FundiKamas
@MvuleTupu nilijua utakuja. Mvule wa kuchonga boti siku hizi unautoa wapi, na kwa bei gani? Wengi wanapigiliwa mbao laini halafu wanaambiwa ni mvule.

#5 NahodhaShela
Salaam kutoka Lamu. Nimeendesha maboti ya faiba kati ya Shela, Manda na mji miaka mingi, na malengelenge ya namna hiyo nimeyaona mara chache sana. Nilipoyaona, ilikuwa rangi mbaya: mtu amepaka juu ya faiba ambayo hakuisugua kwa msasa, au ina nta bado, rangi ikakataa kushika, maji yakaingia katikati. Unakwangua, unasugua, unapaka upya, yamekwisha. Ndugu yangu Jadunga, huyo muuzaji huenda hakudanganyi kwa hilo. Kuhusu kibao cha nyuma namuunga fundi mkono.

#6 MwalimuMaseno
Mzee Nahodha, shikamoo. Kwa rangi nakubali inaweza kuwa hivyo, lakini kwamba pwani huyaoni mara nyingi kuna sababu yake, nayo ni maji yenyewe.

Jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, haizuii maji kabisa. Inayapitisha polepole mno. Ndani ya rezini ya poliesta, ile gundi inayoshikilia nyuzi za faiba, hubaki vitu ambavyo havikushikana wakati wa kukauka, glikoli na vinginevyo, na vitu hivyo huyeyuka katika maji yaliyopenya. Sasa ndani kuna kioevu kizito, nje kuna maji mepesi, katikati kuna utando unaopitisha maji lakini unazuia vile vilivyoyeyuka. Maji yanaendelea kuvutwa ndani. Ni osmosisi ileile ya Biolojia ya kidato cha kwanza. Shinikizo likizidi, jelikoti inavimba.

Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo tofauti kati ya nje na ndani ni ndogo. Ziwa Victoria halina chumvi ya kuhesabika, tofauti ni kubwa, maji yanavutwa kwa nguvu zaidi. Ongeza joto: maji yetu ya juu yanazungukia nyuzi 25 mwaka mzima, na joto huharakisha kazi yote. Boti lililokaa Naivasha kisha likaja hapa halijawahi kupumzika na maji yasiyo na chumvi.

#7 NahodhaShela
Mwalimu, marahaba. Maelezo yako yameingia. Lakini kuna jambo hukulitaja. Kwetu maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Boti zetu nyingi zinakaa juu ya mchanga saa kadhaa kila siku, jua linazipiga tumbo, zinakauka. Ziwa lenu halina kupwa wala kujaa kwa maana hiyo. Boti likifungwa majini Januari, Desemba bado limelowa. Labda si chumvi, ni kukauka.

#8 MwalimuMaseno
Yote mawili yanaweza kufanya kazi pamoja, lakini maboti ya maziwani Ulaya hupata malengelenge kuliko ya baharini hata yakifungwa kwa mtindo uleule. Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani kilichunguza malengelenge haya miaka ya 1980, na maji yasiyo na chumvi pamoja na joto yalionekana kuyaleta haraka zaidi.

#9 FundiKamas
Nawasikiliza wazee wa sayansi, lakini mmemsahau fundi aliyelitengeneza. Nimekata maboti mawili ya umri mmoja, yamekaa ufuo mmoja, moja limejaa malengelenge na jingine safi. Maji ni yaleyale. Tofauti ni mkono. Hadina, ile dawa ya kukaushia, inatakiwa asilimia moja mpaka mbili hivi ya rezini. Fundi anayemimina kwa kukadiria anaweka pungufu, rezini haikauki mpaka mwisho. Mwingine analaza faiba siku ya mvua, unyevu unabaki ndani. Mwingine hasukumi rola vizuri, anaacha mapovu ya hewa kati ya tabaka. Halafu kuna mkeka wenyewe wa faiba: ule unaoshikiliwa kwa gundi ya maji hupata malengelenge kuliko ule wa gundi ya unga. Mnunuzi hawezi kujua lipi lilitumika.

Jadunga, njia ya kutenganisha maneno yetu ni hii. Mwombe mwenyewe akuruhusu kutoboa malengelenge machache kwa ncha kali. Vaa miwani, maana maji ya ndani huwa na shinikizo na yanaweza kuruka machoni. Yakitoka maji yanayoteleza, yenye harufu kama ya siki au rezini mbichi, ni anayosema Mwalimu. Likiwa kavu tupu ndani, ni povu la hewa. Rangi ikibanduka na chini yake jelikoti ni nzima, ni anayosema Nahodha.

#10 MwalimuMaseno
Ongeza karatasi ya litmasi, shule yoyote ya sekondari yenye maabara inayo. Ile ya buluu ikigeuka nyekundu, kioevu kina asidi, na maji ya ziwa peke yake hayatafanya hivyo.

#11 MwanaKaragita
Niko Naivasha. Tukilitazama hili boti msisahau viboko. Huku kiboko akiinuka chini ya boti, faiba inapata ufa ambao abiria hawauoni. Jioni mwenye boti analivuta ufuoni, anaziba kwa fila ya magari kwa sababu ndiyo iliyo karibu, anapaka rangi, kesho yuko kazini. Ile fila ni ya bodi za magari, haikutengenezwa kukaa ndani ya maji. Inanyonya, inavimba, na rangi iliyo juu yake inatoa vipele vinavyofanana kabisa na malengelenge.

Pia mwaka 2020 ziwa letu lilipanda sana, gati na miti vikamezwa, na boti nyingi zilibaki zinaelea na kugongagonga miti iliyokufa. Uliza hilo boti lilikuwa wapi wakati huo. Kama malengelenge yamekusanyika sehemu moja, dhania fila. Kama yametapakaa tumbo lote, dhania aliyosema Mwalimu.

#12 Jadunga
Ero kamano, asanteni nyote. @MwanaKaragita yametapakaa, lakini upande wa kulia mbele yamesongamana zaidi. Sasa sijui nichukue lipi.

#13 MwanaKaragita
Yanaweza kuwa mawili kwa pamoja. Sugua sehemu ya mbele kidogo kwa msasa. Fila ya magari hutoa unga laini wa kijivu au wa rangi ya maziwa, na chini yake huoni nyuzi. Jelikoti ni ngumu zaidi na ina rangi moja mpaka ufikie nyuzi za faiba.

#14 KipimoTu
Nimesaidia kukagua maboti hapa Kisumu na Homa Bay. Kipima unyevu kipo, na kuna watu wa majengo mjini wanacho. Lakini uhakikishe ni cha kubandika juu ya uso, si kile cha sindano mbili za kuchoma mbao. Na hata hicho cha kubandika kina mambo yake:

Kinadanganywa na chuma. Ukikiweka karibu na bolti, tangi la mafuta au waya, kitapiga kelele hata kama pamekauka. Rangi ya chini yenye shaba nayo inakidanganya. Ufute uso wa faiba kwanza, maana kinasoma umande na jasho la mkono wako. Na boti liwe limetoka majini siku kadhaa, likiwa chini ya kivuli kikavu. Ukipima siku lilipovutwa ufuoni, karibu kila boti litaonekana bovu.

Na namba yake usiichukulie kama asilimia ya maji ndani ya faiba. Vingi vimesawazishwa kwa mbao. Kinachokusaidia ni kulinganisha: pima juu ya mstari wa maji, mahali unapojua ni pakavu, halafu shuka polepole mpaka chini, kisha nenda nyuma. Namba ikiruka ghafla, weka alama ya chaki. Ukimaliza, tazama michoro ya chaki imekupa umbo gani. Ikizunguka kila bolti ya kibao cha nyuma, umepata jibu lako.

#15 OtienoWaRusinga
Nani ana pesa ya kipima unyevu? Njia ya nailoni inatosha. Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike kwa selotepu kali pande zote kwenye tumbo la boti lililokauka, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, boti linatoa maji.

#16 KipimoTu
@OtienoWaRusinga inaweza kukudanganya pia. Usiku faiba inapoa, hewa iliyofungiwa ndani ya nailoni inaacha matone hata kama boti ni kavu. Ukifanya hivyo, bandika vipande viwili: kimoja chini, kingine juu ya mstari wa maji. Chini kukilowa na juu kukawa kukavu, hapo una ushahidi. Vyote vikilowa, huna kitu.

#17 MamaUsenge
Nailoni si ilipigwa marufuku 2017?

#18 OtienoWaRusinga
Mama, ni mifuko. Nailoni ya vivungulio bado inauzwa kwa mita, tembelea duka lolote la pembejeo.

#19 MamaUsenge
Sawa. Basi nami niseme langu, kwa sababu mnaongea sana kuhusu malengelenge na hayo si yaliyotaka kutuua.

Ndugu yangu alinunua boti la faiba la kubeba abiria na mizigo ya visiwani. Tumbo lilikuwa safi, hata kipele hakikuwapo. Tulikuwa tunarudi na upepo wa mchana, mawimbi yakawa makubwa, mara mashine ikaanza kuinama nyuma. Kila wimbi likipita, kibao kinafunguka kwa juu. Kijana wetu alizima, akaifunga mashine kwa kamba mpaka kwenye benchi la katikati, tukapiga makasia huku watoto wanalia. Tulipofika na fundi akafungua, plaiwudi ya ndani ilikuwa nyeusi, unaichota kwa mkono. Faiba ya nje na ya ndani ndizo zilizokuwa zimebeba mashine peke yake.

Mimi sasa siingizi abiria kwenye boti la faiba kabla kibao cha nyuma hakijatobolewa na kuonekana. Jadunga, unataka kubeba watu. KMA, mamlaka ya usafiri wa majini, watakuja kukagua boti la abiria, ndiyo, lakini usingoje wao. Wewe ndiye utakayekuwa ndani na hao wageni.

#20 FundiKamas
Pole sana Mama. Hicho ndicho ninachokisema tangu mwanzo.

Kutoboa kunafanywa hivi: kwa ndani ya boti, si nje. Chukua kekee ya milimita tano, toboa faiba ya ndani uingie kwenye plaiwudi, usitoboe mpaka upande wa pili. Funga selotepu kwenye kekee kama alama ya kina. Toboa chini kabisa kwenye pembe mbili, karibu na tundu la kutolea maji, na chini ya bolti za mashine. Maji hushuka, kwa hiyo juu panaweza kuwa pazuri na chini pameoza. Kisha tazama unga. Unga mkavu wa rangi ya mbao, kibao kizima. Ukitoka mweusi, umeshikana, au una harufu ya uozo, ni kazi kubwa. Ukimaliza jaza tundu kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, si kwa silikoni.

#21 MvuleTupu
Mama Usenge, ungekuwa kwenye boti la mbao ungemwona huyo mdudu mapema.

#22 MamaUsenge
Mwanangu, la mbao nalo nimewahi kulikomba maji kwa sufuria kutoka Remba mpaka nyumbani. Ziwa halibagui.

#23 KipimoTu
Kabla ya kutoboa, gonga. Nyundo ndogo, au mpini wa plastiki wa bisibisi. Nenda kwa mistari, kila kiganja kimoja. Faiba iliyoshikana na mbao yake inarudisha sauti kali na fupi, na mkono unahisi nyundo inaruka. Palipoachana au palipolowa, sauti inakufa kama unagonga godoro. Anza na sehemu unayojua ni nzima ili sikio lizoee. Mihimili inabadilisha sauti pia, usidhani kila tofauti ni uozo. Fuata mhimili upande hadi upande, na usikilize pale unapobadilika ghafla.

Wapigaji soga wakae mbali wakati huo. Na usifanyie Usoma wakati ndege inapaa.

#24 AkinyiWaPort
Je, uzito? Mjomba wangu hununua maboti kwa kutazama linavyokaa majini. Anasema boti lililonywa maji hukaa chini kuliko mstari wake wa zamani.

#25 FundiKamas
Mjomba wako ana macho. Likiwa tupu, bila watu, bila mafuta, tazama lile doa la uchafu linaloonyesha mahali lilipoelea kwa miaka. Likikaa chini ya doa upande wa nyuma, kuna kitu kimeongezeka uzito. Mara nyingi ni lile povu la kulifanya boti lielee, lililojazwa chini ya sakafu, limelowa. Kila nafasi ya lita ishirini ikijaa maji ni kilo ishirini unazosukuma kwa petroli kila siku bila kulipwa nauli.

#26 OtienoWaRusinga
Lakini povu la maboti lina vyumba vidogo vidogo vilivyofungwa, halinyonyi maji. Ndiyo maana linawekwa ili boti lielee.

#27 KipimoTu
Likiwa jipya, halinyonyi kwa urahisi. Likikaa ndani ya maji miaka, likitikiswa na mawimbi, vyumba vinapasuka kimoja kimoja na maji yanaingia taratibu. Nimeona likikatwa kwa msumeno na maji yakamwagika. Na likishalowa, halikauki kwa kufungua dirisha la sakafu. Linatolewa.

#28 AkinyiWaPort
Kuna mwingine alisema doa lenyewe huhama kwa sababu mashine ya sasa ni nzito kuliko ya kwanza. Mjomba hakulifikiria hilo.

#29 FundiKamas
Kweli kabisa. Kutoka mashine ya 15 kwenda ya 40 boti litakaa chini nyuma hata kama ni kavu. Jadunga, uliza lilikuja na mashine gani.

#30 WuodSeme
Tukiwa kwenye mashine: namba yake ilinganishwe na karatasi za kununulia. Mashine za ziwani zinaibwa kila kukicha. Unaweza kupata boti kavu na kesi mbichi.

#31 MvuleTupu
Na gugu maji je? Mwezi mzima boti limebanwa na gugu maji kwenye ghuba, halipati jua, halisogei. Mimi naona ndilo linalolowesha maboti ya Kisumu kuliko ya Mbita.

#32 MwalimuMaseno
Gugu maji linazuia upepo na jua, linaweza kuchangia. Ila mimi ningetazama zaidi mawe. Boti linaloburutwa juu ya mawe hukwanguka jelikoti mpaka nyuzi zinaonekana. Nyuzi zikiwa wazi, maji hayahitaji tena osmosisi, yanatembea kando ya nyuzi yenyewe, sentimita kwa sentimita. Kwa hiyo tazama mkuku, ule uti wa chini wa boti, na mahali linapolalia.

#33 NahodhaShela
Hapo kwa mkuku Mwalimu amenena. Sisi huweka kipande cha ziada cha faiba au mpira hapo, na kila mwaka tunakitazama.

#34 Jadunga
Wadau, nimerudi. Jana tulikwenda na fundi, boti likiwa limevutwa nchi kavu tangu wiki iliyopita, mvua haijanyesha sana. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Malengelenge: mwenyewe alikubali tutoboe kadhaa. Mengine ya katikati yametoa maji ya kunata, harufu ya siki kabisa, na litmasi ya buluu ikawa nyekundu. Mengine yalikuwa makavu. Yale ya mbele kulia, ukisugua kwa msasa, unatoka unga wa kijivu na hakuna nyuzi. Kwa hiyo kila mmoja wenu ana sehemu yake ya boti.

Kugonga: upande wa kushoto sauti nzuri. Kibao cha nyuma, theluthi ya chini, sauti imekufa. Sakafu ya kulia vilevile.

Mashine tuliisukuma juu na chini. Kibao kinacheza kidogo sana, fundi anasema kidogo, kijana wa mwenye boti anasema hakichezi.

Kutoboa kibao: amekataa katakata. Anasema hatatoboa boti lake kwa ajili ya mtu ambaye hajalipa.

#35 MamaUsenge
Akikataa, ondoka.

#36 KipimoTu
Mama, tusimhukumu. Hata mimi nisingependa kila mnunuzi aje na kekee. Kuna njia ya katikati: usitoboe tundu jipya, tumia lililopo. Mwombe mfungue bolti moja ya chini ya mashine, au lile bomba dogo la kutolea maji kwenye kibao. Chukua waya mgumu, upinde ncha, ukwangue ukuta wa tundu kwa ndani. Ncha ikirudi na nyuzi nyeusi zilizolowa, umeona ulichotaka kuona bila kuongeza tundu. Mkifunga mrudishie bolti na silanti ya kutosha, ile dawa ya kuzibia, na mwambie utainunua wewe.

#37 NahodhaShela
Na kama ni mtu wa haki atakubali hilo. Kuhusu malengelenge, bado nasema yasikutishe. Faiba ina unene, boti haliendi chini kwa vipele vya dengu.

#38 MwalimuMaseno
Mzee, kwa vipele peke yake nakubali halizami. Lakini kioevu chenye asidi kinaendelea kula rezini nyuma ya jelikoti, na kutibu si kupaka rangi. Unatoa jelikoti yote ya chini, unaosha kwa maji safi tena na tena ili uondoe asidi, unaacha likauke wiki kadhaa au hata miezi chini ya paa, ndipo unaweka tabaka za epoksi. Ukifunika likiwa bado na maji, umeyafungia ndani. Kisumu mvua za Machi hadi Mei zikianza, bila banda hutamaliza.

#39 FundiKamas
Mimi kwa boti la kazi la ziwani ningeacha malengelenge mpaka mwaka ujao, nikatoa fila ya mbele nikaweka faiba, na pesa yote nikaielekeza nyuma. Kibao kinafunguliwa kwa ndani, plaiwudi mbovu inatolewa yote, inawekwa ya majini, si ile ya dari iliyopakwa rangi nyekundu. Kila tundu la bolti linatobolewa pana, linajazwa epoksi, likikauka ndipo linatobolewa tena kwa saizi ya bolti. Hapo maji hayagusi mbao tena hata silanti ikichoka.

#40 MwanaKaragita
Sikubaliani na kuacha malengelenge, lakini bei ndiyo itakayoamua.

#41 Jadunga
Taarifa ya leo. Amekubali tufungue bomba la kutolea maji. Tulipolilegeza tu, kabla ya waya, maji ya rangi ya chai yalitiririka chini ya kibao kwa muda. Boti liko nchi kavu zaidi ya wiki. Waya ukarudi na nyuzi nyeusi. Mwenyewe alinyamaza, halafu akasema atashuka mpaka laki nne na nusu.

#42 MamaUsenge
Laki nne na nusu bado ni pesa ya boti zima. Toa bei ya kibao kipya, sakafu, na povu kama limelowa. Halafu toa miezi ambayo hutabeba mgeni.

#43 FundiKamas
Mashine peke yake ikiwa nzima na karatasi zake ziko sawa ina thamani kubwa hapo. Hesabu hivi: mashine bei ya soko, mwili wa boti kama mwili unaohitaji kufunguliwa. Hujui mihimili ikoje mpaka sakafu itoke. Mkubaliane sakafu ya kulia inafunguliwa kabla ya pesa ya mwisho.

#44 OtienoWaRusinga
Yale maji ya chai yanaweza kuwa ya mvua yaliyoingia kwa sakafu, si ya kibao. Mteremko wote wa boti unaelekea huko.

#45 KipimoTu
Inawezekana, na ndiyo maana nyuzi nyeusi kwenye waya zina uzito kuliko maji. Lakini yakitoka ya sakafu, basi mihimili imekaa ndani yake. Sioni namna hiyo inavyompunguzia kazi.

#46 WuodSeme
Mashine namba yake umeangalia?

#47 Jadunga
Nimeangalia, inalingana na karatasi. Jumamosi tunafungua sakafu, amekubali kwa sharti nilipie plaiwudi ya kurudishia nisiponunua. Naona ni haki.

#48 AkinyiWaPort
Samahani kuingilia. Boti letu la mji wa Sio Port lina malengelenge hayohayo lakini halina mbao kabisa, fundi alisema ndani ni povu gumu na faiba. Nalo tugonge?

#49 KipimoTu
Ndiyo, mligonge. Povu halitaoza, lakini faiba inaweza kuachana nalo na maji yakakaa katikati. Liko majini sasa? Litoeni kwanza, lioshwe, likae chini ya kivuli, kisha mpime juu na chini ya mstari wa maji. Mniandikie mlichokipata.